MAZUNGUMZO YA JAMAA: Simu ya Kijana na Maneno ya Wazee

 Wasomaji wapenzi, juma hili nimekuja na neno lililonikaa moyoni tangu siku niliyokwenda Raskazone. Vuteni mikeka, na vijana wasogee karibu, maana habari hii ni yao kuliko yetu.

Wengi wenu mnaijua Raskazone. Kwa msomaji aliye mbali, ni ile rasi ya mji wa Tanga inayoingia baharini, yenye nyumba za zamani na upepo mwema. Ukikaa ufukoni unaiona ghuba yote ya Tanga, na katikati ya maji unakiona kisiwa kidogo chenye magofu ya misikiti ya kale na makaburi.

Nilikuwa nimekwenda mjini kumwangalia jamaa yetu aliyelazwa hospitali. Saa za kuona wagonjwa zilipokwisha, mpwa wangu, kijana wa kidato cha tatu, akanichukua tukapunge upepo. Tukakaa juu ya jiwe. Nikamwonyesha kile kisiwa, nikamwuliza, "Baba, kisiwa kile jina lake nani?"

Akatoa simu yake, akabonyeza, na kabla sijapiga chafya akanijibu, "Kinaitwa Toten, mjomba. Ni neno la Kijerumani, maana yake wafu."

"Vema sana. Na kabla ya Mjerumani kuja, watu wa hapa walikiitaje?"

Akabonyeza. Akabonyeza tena. Mwisho akasema, "Mjomba, humu haimo."

Hatua chache kutoka kwetu alikuwako mzee mmoja mvuvi, anashona wavu. Alikuwa akisikiliza bila kusema. Akacheka kidogo, akasema, "Mjukuu wangu, hiyo simu hamjaiambia. Itajuaje?"

Wasomaji wapenzi, nimesoma vitabu na nimesikiliza hotuba nyingi juu ya vijana na mambo ya kisasa, lakini sikupata kusikia neno lililoingia ndani kama lile la mvuvi. Simu inajua yale iliyoambiwa. Aliyeiambia ni Mjerumani, naye akaiambia jina lake la Kijerumani. Sisi tulinyamaza.

Kijana akaamka, akamwendea mzee. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mjukuu wangu." Wakaanza kuzungumza, na mazungumzo yakafika kwenye vita vya mwaka 1914.

Yafaa niwakumbushe habari hiyo kwa ufupi. Mapema mwezi wa Novemba mwaka 1914 meli za Waingereza zilifika Tanga, zimebeba askari kiasi cha 8,000, wengi wao kutoka Bara Hindi. Walishuka hapo hapo Raskazone, wakapanda kuuendea mji. Upande wa Wajerumani, chini ya von Lettow-Vorbeck, askari walikuwa kiasi cha 1,000 tu, na wengi wa hao walikuwa Waafrika. Hata hivyo waliokuja walishindwa, wakarudi melini tarehe 5 Novemba, wakiacha bunduki na risasi nyingi. Katikati ya mapigano nyuki walikasirika, wakawashambulia watu. Hata leo Waingereza huviita Vita vya Nyuki. Wako kati yao walioamini kwamba Wajerumani waliwatega wale nyuki kwa hila.

Yote hayo mpwa wangu aliyapata katika simu. Lakini mzee alimwuliza, "Na wenye nyumba walikimbilia wapi?" Simu haikujibu. Mzee akaanza kueleza aliyoyasikia kwa bibi yake: njia waliyopita, vitu walivyobeba, na chungu kilichoachwa motoni. Juu ya nyuki alisema, "Nyuki hawakuwa na upande. Mizinga ilikuwa ya watu, imetundikwa mitini. Risasi zikapiga, nao wakatoka kama nyuki wo wote wangalivyotoka."

Mpwa wangu akamnasa kwa simu, sauti na sura, mpaka jua likazama. Alifurahi mno. Njiani nikamwuliza, "Umeandika jina la mzee?" Akasema, "Sikuandika, lakini namkumbuka." "Umemwomba ruhusa?" Kimya. "Na simu hiyo ikipotea kesho?" Kimya tena.

Hapo nikahuzunika, na sasa nitawaambia sababu, ingawa ni aibu yangu mwenyewe.

Nilikuwa na shangazi huku kwetu Bonde, karibu na Muheza. Shangazi yule alikuwa ghala. Hadithi zake alizitoa kwa Kibondei, za sungura na fisi na za watu wa milimani. Vitendawili alitega kwa Kiswahili ili na wajukuu waliozaliwa mjini wapate kushiriki. Alijua nyimbo za kupura mpunga ambazo hata mimi sikuwa nimezisikia. Mwaka mmoja, wakati wa likizo, mjukuu wake alimnasa kwa simu jioni 3 mfululizo. Jamaa yote tulimsifu kijana. Mimi ninayeandika katika gazeti nilikaa pale pale, nina daftari mfukoni, na sikuandika hata neno moja. Nilijisemea, yamo katika simu, yametosha.

Miezi michache baadaye simu iliacha kuwaka. Kijana akaipeleka kwa fundi sokoni. Fundi alifanya kazi yake, simu ikawaka, lakini ilirudi nyeupe kama sahani iliyooshwa. Kila kilichokuwamo kilikuwa kimefutwa. Tukasema, si kitu, Pasaka tutamnasa tena. Shangazi hakuifikia Pasaka.

Kilichobaki ni kipande cha dakika moja, ambacho kijana alikuwa amemtumia binamu yake wa Dar es Salaam. Katika kipande hicho shangazi anatega kitendawili. Watoto wanashindwa, anadai mji, wanampa Tanga. Anacheka, anasema amekwenda Tanga, amekula samaki na amekunywa madafu, na jibu la kitendawili ni... Basi, hapo kipande kinakwisha. Mpaka leo jamaa yetu yote hatujui jibu. Tumewauliza wazee wa kijiji, kila mmoja anabahatisha lake.

Je, wasomaji, kosa ni la nani? La fundi? La simu? Wazee wengi watasema ni la simu. Nimewasikia wakisema, "Hizi simu ndizo zilizoua mila. Zamani watoto walikaa motoni na bibi, leo kila mmoja ameinamia kioo chake." Maneno hayo yana ukweli ndani yake. Lakini haifai kuyameza mazima.

Angalieni mambo ya zamani. Kalamu na karatasi navyo vilikuja. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Tanga aliviona vita vya pwani vya mwaka 1888 na 1889, vita vile vya Bushiri aliyenyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Alitunga utenzi juu ya vita hivyo, akauandika kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1955 mwalimu mmoja Mwingereza, J. W. T. Allen, aliutoa chapa, na katika miaka ya 1960 Allen alizunguka pwani akitafuta maandiko kama hayo. Mengi aliyoyakusanya yamewekwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lau Hemedi angaliyaacha maneno yake kichwani, leo tungaliijua vita ile kwa vinywa vya Wajerumani peke yao.

Kisha kikaja chombo cha kunasa sauti. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari mpaka Bombay, akaimba mbele ya mashine, na sauti yake ikaingia katika santuri. Siti alifariki mwaka 1950, lakini sauti yake tunaisikia hata leo. Waliokuwa wakiimba kabla yake, wasionaswa na mtu, wamebaki majina, na wengine hata majina hawana. Naye aliyeandika wasifu wa Siti ni mwana wa Tanga, Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Tazameni basi: sauti ilinaswa kwa mashine, na maisha yakaandikwa kwa kalamu. Kimoja kilimsaidia mwenziwe.

Kwa hiyo chombo si adui. Kosa letu, mimi na jamaa yangu, lilikuwa hili: tulidhani kunasa ni kuhifadhi. Mtu aliyevuna mahindi akayalundika uani hajaweka akiba. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi hana kitu. Akiba ni yule aliyekausha, akapukuchua, akatia gunia, akaandika alama, akaweka darini. Simu ni uani, wasomaji wangu. Dari ni lazima tuijenge wenyewe.

Sasa ninyi vijana, sikilizeni, maana ninyi ndio wenye vidole vyepesi. Kuna maarifa ya kuitumia simu yanayopita kubonyeza na kucheka. Nitayataja machache.

Kwanza, omba ruhusa. Mzee si kiti cha kupigwa picha. Mwambie unataka kumnasa, na mwambie utayapeleka wapi maneno yake. Akisema sehemu fulani isitoke nje, basi isitoke. Tena hii si adabu tu. Mwaka 2022 Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, maana habari za mtu ni mali yake.

Pili, kabla mzee hajaanza, sema wewe mwenyewe kwa sauti: leo ni tarehe fulani, tuko kijiji fulani, nazungumza na fulani mwana wa fulani, na lugha ni hii. Ni maneno ya nusu dakika. Usipoyasema, baada ya miaka 20 mtu atasikia sauti tu, asijue ni ya nani.

Tatu, usiku ule ule andika daftarini mambo makubwa uliyosikia, na maneno magumu uyaeleze. Hapa nitawapa mfano wa padre mmoja. Padre Charles Sacleux, wa Shirika la Roho Mtakatifu, alifika Unguja mwaka 1879. Alikusanya maneno ya Kiswahili miaka mingi, na kamusi yake kubwa ikatolewa chapa Paris, Ufaransa, mwaka 1939 na 1941. Padre huyo hakuandika neno na maana yake tu. Alionyesha pia neno hili ni la Unguja, hili ni la Mrima, hili ni la Mvita. Kwa sababu hiyo wataalamu wanaifungua kamusi yake hata leo. Ikiwa yeye mgeni aliona umuhimu wa kuandika neno limetoka wapi, sisi wenyeji tusemeje?

Nne, weka nakala mahali pawili, tena mahali mbalimbali. Nakala moja iwe katika memori kadi au flashi, na nyingine iwe nyumbani kwa mtu mwingine, isiwe katika mfuko huo huo. Huko Lamu, Kenya, maandiko ya kale ya msikiti wa Riyadha yalipigwa picha ukurasa kwa ukurasa kwa msaada wa maktaba kuu ya Uingereza. Makaratasi yenyewe yalibaki Lamu, na picha zake zikawekwa pia London. Moto au mchwa akija upande mmoja, upande wa pili umesalimika. Sisi hatuna London, lakini tuna nyumba ya shangazi na nyumba ya mjomba. Tena jihadharini: picha na sinema zikipita katika WhatsApp hupunguzwa ubora wake, basi ile ya asili isifutwe. Na mkiweka kitu katika hifadhi ya mtandao, neno la siri lijulikane na mzazi au ndugu mwaminifu, maana hifadhi ambayo ufunguo wake umepotea ni sawa na kisima kilichofukiwa.

Tano, fikiri kabla ya kutawanya. Si kila neno la nyumbani ni la sokoni. Kuna mambo ya unyago na jando, kuna magomvi ya mashamba, kuna siri za maradhi. Jambo likiisha kuingia mtandaoni halirudi. Wazee walisema, maji yakimwagika hayazoleki.

Sita, linganisha. Usiamini kila unachosoma katika simu, na usiamini kila unachosikia kwa mzee. Hila ya nyuki iliaminiwa na watu waliosoma sana. Mzee naye husahau, na pengine hutia chumvi. Wasikie wawili au watatu, uandike kila mmoja alivyosema, usichanganye. Ndiyo kazi ya ukweli.

Najua mtaniuliza, wasomaji, "Mwandishi, sisi huku kijijini bando tutanunua kwa fedha gani?" Jibu ni kwamba kunasa sauti hakuhitaji bando hata kidogo. Simu nyingi za kitochi zenye memori kadi zinanasa sauti. Na asiye na simu ana daftari na kalamu, ambavyo havihitaji chaji wala havipelekwi kwa fundi.

Mama mwingine atasema, "Kijana wangu usiku kucha anatazama mambo ya aibu katika simu. Nitamwongezeaje sababu ya kuishika?" Mama, nakuelewa. Lakini shamba lisilolimwa huota magugu. Kijana ambaye hakupewa kazi yo yote ya kufanya na simu ataipata yeye mwenyewe, na pengine hutaipenda. Mpe kazi. Mwambie, "Mwanangu, Jumamosi hii nataka unasikilizishe ulivyomnasa bibi juu ya ndoa yake." Mkae wote msikilize. Utamwona anajua mengi kuliko ulivyodhani, na wewe pia utasikia habari za nyumba yako ambazo hukuzijua.

Na akina baba, msiseme ni kazi ya shule. Shule ina kazi zake. Mwalimu hawezi kujua jina la kijito kinachopita nyuma ya nyumba yako, wala kwa nini ukoo wako hauli mnyama fulani. Tena msiwacheke watoto wanapokosea Kibondei, Kisambaa au Kidigo. Mtoto anayechekwa kwa kukosea huacha kusema. Aliyeacha kusema hatamfundisha wake.

Vijana wengine wamekwisha kuanza. Wikipedia, ile kamusi kubwa ya mtandaoni, ina sehemu ya Kiswahili tangu mwaka 2003, nayo huandikwa na watu wa kujitolea, wakiwamo vijana wa Kitanzania. Wanaandika juu ya kata zao, mito yao na watu wao mashuhuri. Hiyo ndiyo kuiambia simu, kama alivyosema yule mvuvi.

Basi, nirudi Raskazone nimalize. Asubuhi ya pili, kabla sijapanda basi, mimi na mpwa wangu tulirudi ufukoni. Tulimkuta mzee mahali pale pale. Kijana akamwamkia, akachuchumaa, akasema, "Babu, jana nilikosa. Nilikunasa bila kukuomba, wala sikukuuliza jina." Mzee akamtazama kitambo, kisha akamtajia jina lake, la baba yake na la babu yake, na mtaa aliozaliwa. Akasema yote yaandikwe isipokuwa sehemu moja iliyomhusu jirani, maana watoto wa jirani wangali hai. Sehemu ile ikafutwa mbele ya macho yake.

Kisha kijana akamwuliza tena jina la kale la kisiwa. Mzee akataja jina, akaongeza, "Lakini ndugu yangu wa Chumbageni hutaja jingine. Nenda kamwulize naye." Majina yote mawili yameandikwa daftarini, kila moja na msemaji wake. Mpwa wangu sasa anamtafuta mzee wa tatu. Nimemwambia asiniletee jibu mpaka amempata.

Nanyi wasomaji wangu, nawapa kazi ndogo ya juma hili. Jioni moja tu, katika nyumba au katika jumuiya yenu, mchagueni mzee mmoja na kijana mmoja. Mzee atege vitendawili 5. Kijana avinase na kuviandika, na jambo moja nawasihi kwa sababu limeniuma: asizime simu mpaka majibu yametolewa.

Mimi cha shangazi yangu bado sijakipata jibu lake. Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.